Barua ya wazi: Ngege tunayemla Kisumu si ngege

Kwa Waziri anayesimamia wanyamapori, kwa Waziri anayesimamia uvuvi, na kwa Magavana wa Kisumu, Siaya na Busia.

Waheshimiwa,

Muhula uliopita niliwaambia wanafunzi wangu wa Kidato cha Pili waandike majina ya wanyama wa Kenya walio hatarini kutoweka. Karatasi zilirudi na ndovu, faru, duma, simba, na pundamilia wa Grevy kutoka kwa msichana mmoja anayependa kusoma. Mvulana wa nyuma aliandika dainosa, nikampa nusu alama kwa kunichekesha. Darasa la watoto hamsini na kitu, shule ambayo ukisimama dirishani unaliona ziwa, na hakuna hata mmoja aliyeandika samaki.

Nikauliza nani amekula ngege, yaani tilapia, wiki hii. Mikono ikapanda. Nikawaambia hakuna aliyekula ngege. Walidhani natania.

Sikuwa natania. Samaki mnayemkuta soko la Kibuye siku ya Jumapili, yule anayeletwa mezani mzima na ugali wake na sukuma wiki, ni mgeni. Wazee wengine wa bichi humwita nyamami. Aliingizwa katika ziwa hili miaka ya 1950 kutoka maji mengine, akazaana, akatamalaki, na leo ndiye anayefugwa kwenye vidimbwi na kwenye vizimba vinavyoelea kuanzia Homa Bay hadi Busia. Wengine wanaouzwa mjini hata ziwa hawajaliona. Wametoka China wakiwa barafu ndani ya katoni. Ngege mwenyewe, ambaye wanasayansi humwita Oreochromis esculentus, alikuwa samaki wa hapa: wa ziwa Victoria, wa maziwa madogo yaliyo kando yake na wa Kyoga kule Uganda, basi. Vivyo hivyo ndugu yake mbiru. Ndio waliowalisha babu zetu. Sasa jina limebaki, tumemvika mgeni, na mwenye jina hakuna anayemuulizia.

Nawaandikia kwa sababu nyinyi ndio mnaoweza kumuulizia.

Nilizaliwa 1971 upande wa Asembo. Nyanya yangu alikuwa na kamba iliyofungwa kati ya miti miwili, na kwenye kamba hiyo alining'iniza fulu. Kwa msomaji asiye wa ziwani, fulu ni visamaki vya urefu wa kiganja, vingi vya rangi: kuna wa bluu, wa manjano, wa mkia mwekundu. Watoto tuliwavua kwa ndoano ndogo tukiwa tumesimama kwenye mawe. Nyanya aliwakausha, kisha akawapika kwa maziwa. Alikuwa akimgeuza fulu mkononi na kumtazama mdomo kabla ya kumtoboa kwa sindano ya kamba. "Huyu mla konokono, mjukuu wangu. Huyu mla matope." Nilidhani ni porojo za wazee. Nilipofika chuo kikuu nikafungua kitabu cha biolojia, nikakuta mdomo wa fulu umeandikiwa sura nzima.

Kumbe nyanya alikuwa akitazama mojawapo ya maajabu ya dunia. Ziwa hili lilikauka yapata miaka 15,000 iliyopita. Maji yaliporudi, kutoka mbegu chache za fulu wakazuka zaidi ya spishi 500, na hakuna mahali pengine ambapo wanyama wenye uti wa mgongo wanajulikana kuzaliana aina nyingi hivyo kwa muda mfupi hivyo. Wapo waliokula mwani, waliokula matope ya chini, waliovunja konokono kwa meno ya kooni, na wapo waliokula magamba ya samaki wengine. Wengine, na hawa ndio wanaowachekesha wanafunzi wangu, walimvizia samaki mama anayebeba watoto mdomoni, wakamlazimisha kuwatema, wakawala. Kila mmoja na kazi yake. Wala konokono peke yao wangestahili mshahara, maana konokono ndio wanaobeba kichocho, na kichocho huku kwetu mnakijua.

Wanasayansi wanakadiria kuwa spishi zipatazo 200 za fulu zimetoweka. Nyingi ziliondoka kabla hazijapewa hata jina la kitaalamu. Zimeondoka mimi nikiwa hai, wengi wenu mkiwa hai pia, na baadhi ya zilizosalia leo zinaishi kwenye matangi ya vioo huko Ulaya na Marekani, zikilishwa na watu wanaojua thamani yake kuliko sisi tuliozivua kwa ndoano.

Mnajua aliyewala. Mbuta, yaani sangara, aliletwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ili ziwa litoe samaki wakubwa, wa kibiashara na wa mchezo wa kuvua. Mwaka wa 1960 mwanasayansi mmoja aliyeyajua maziwa haya, Geoffrey Fryer, aliandika waziwazi kupinga mpango huo. Hakusikilizwa. Kwa miaka ishirini hivi mbuta akakaa kimya, kisha miaka ya 1980 akalipuka. Mbuta anaweza kupita kilo 100, na kilo zile zilitengenezwa kwa fulu.

Lakini nisimtwike mbuta mzigo wote. Ngege alianza kudhoofika zamani, tangu 1905 nyavu za kitani zilipoletwa katika ghuba yetu ya Winam, wakati ule ikiitwa Kavirondo. Mwanzoni wavu mmoja ulitoa makumi ya ngege kwa usiku. Serikali ya mkoloni ilipomtuma Michael Graham kulichunguza ziwa mwaka wa 1927 na 1928, ghuba ya Kavirondo ilikuwa imeshachoka. Akapendekeza matundu ya wavu yasipungue inchi 5. Pendekezo likawa sheria, sheria ikavunjwa, baadaye ikafutwa. Ukiongeza maji machafu ya miji, udongo unaoshuka na mito kutoka mashamba ya juu, na gugu maji lililotufikia karibu na 1990, utaona mbuta alimkuta mgonjwa kitandani.

Na nikiri jambo: mimi nimesomeshwa na mbuta. Viwanda vilipofunguliwa Kisumu, minofu ikawa inapanda ndege kwenda Ulaya na mifupa inabaki kwetu. Mama yangu alikuwa mmoja wa wanawake wa mtaa wa Obunga waliokaanga mgongo wazi. Alfajiri anakwenda kupanga foleni nje ya geti la kiwanda na beseni, anarudi na vichwa na migongo iliyokwanguliwa hadi unaona mwanga katikati ya mbavu, anaitumbukiza kwenye mafuta yaliyotumika hadi yakawa meusi kama ya gari. Karo ya shule ilitoka humo. Mpaka leo nikipita Obunga ile harufu ikinipiga, nasimama na kununua. Kwa hiyo sitaki mtu aniambie nachukia wavuvi wa mbuta, au natamani ziwa lirudishwe kama lilivyokuwa 1900. Halitarudi. Ninachozungumzia ni wale wachache waliosalia.

Mnamo tarehe 19 Machi 2018, faru mweupe dume wa mwisho wa kaskazini, Sudan, alikufa katika hifadhi ya Ol Pejeta. Nchi nzima ililia, na ilikuwa haki kulia. Alikuwa na walinzi wenye bunduki usiku na mchana. Mwaka wa 2016 tulichoma tani 105 za pembe za ndovu ili dunia ituone. Sheria ya wanyamapori ya 2013 ilipopitishwa iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo cha maisha kwa kosa linalomhusu mnyama aliye hatarini. Sina kijicho na faru. Nimewapeleka wanafunzi Ziwa Nakuru mara tatu kuwatazama, na mara zote nimerudi na furaha. Ila spishi 200 zimekwenda kutoka ziwa moja, na sijapata kusikia hata dakika moja ya kimya. Nadhani kosa la samaki ni kwamba analika. Kiumbe akishaingia kwenye sufuria, hatumuoni tena kama mnyamapori. Tunamuona kama mboga. Anahamishwa wizara.

Na hapo ndipo nilipokwama mimi. Mwaka juzi niliandika barua, mimi na walimu wenzangu wawili, kuhusu vifaranga vya nyamami vilivyokuwa vinataka kumwagwa kwenye bwawa moja dogo ambalo wenyeji walituambia bado lina samaki wa zamani. Ofisi ya kwanza ikatuambia samaki si wanyamapori, nendeni uvuvi. Ofisi ya pili ikasema uvuvi ni kazi iliyogatuliwa, nendeni kaunti. Kaunti wakatupokea vizuri, chai wakatupa, wakasema suala la spishi kutoweka ni la serikali kuu. Nilirudi nyumbani nikafungua Katiba, Jedwali la Nne. Serikali kuu imepewa mazingira na maliasili, pamoja na uvuvi na ulinzi wa wanyama. Kaunti zimepewa kilimo, na ndani ya kilimo zimeandikiwa samaki. Kumbe kila mmoja aliyetufukuza alikuwa na kifungu chake. Tulipozunguka mara ya pili, vifaranga vilikuwa vimeshamwagwa, na picha ya sherehe ilikuwa imebandikwa ukutani.

Pengine mtauliza ubaya wa vifaranga uko wapi, samaki si samaki? Nyamami akiwekwa na ngege hupandana naye. Watoto wanaotoka ni chotara, chotara naye anazaa, na baada ya vizazi vichache ngege amekwisha bila kuliwa na mtu. Hakuna maiti ya kupiga picha. Tangu mradi wa vidimbwi wa 2009, ambao ulikuwa na nia njema na umewalisha watu wengi, vifaranga vimesambazwa kila pembe. Kwenye kidimbwi cha mkulima sina neno. Kwenye mabwawa na maziwa madogo ambako ngege amejificha, ni kumfukuza kwenye kitanda alichokimbilia.

Sasa nije kwa Kanyaboli, maana ndiko moyo wa barua hii uliko.

Waheshimiwa, Kanyaboli ni ziwa dogo kule Siaya, ndani ya kinamasi cha Yala. Mbuta hayumo. Wasomi wamekuja kutoka vyuo vya mbali kulichunguza kwa sababu ngege wa kweli bado yumo, na fulu pia. Agosti iliyopita niliwapeleka wanafunzi kumi na wawili, tukakodi mitumbwi miwili ya wavuvi. Mvuvi wetu alikuwa mzee wa maneno machache. Alivuta wavu wake, akatoa samaki mmoja wa ukubwa wa mkono wangu, kichwa kidogo, tumbo lenye wekundu wa mbali. Akasema, "Mwalimu, huyu ndiye." Akamsukuma taya kwa kidole gumba. Mdomo ukafunguka, na kwenye maji yaliyokuwa chini ya mtumbwi yakamwagika mayai, ya manjano, mengi kama punje za mtama. Alikuwa mama, amebeba watoto wake mdomoni, hali chochote mpaka waanguliwe. Hakuna aliyesema kitu. Mzee akamrudisha ziwani, akachota mayai na maji kwa kata aliyokuwa akitolea maji mtumbwini, akayamwaga mahali palepale. Akasema labda atayaokota, labda hatayaokota.

Yule mvulana wa dainosa alikuwa kwenye mtumbwi wangu. Aliniuliza kama huyo samaki ana walinzi.

Nimjibu nini? Kwenye karatasi Kanyaboli ni hifadhi ya taifa. Lakini ziwa hili lilitenganishwa na mto wake. Sehemu ya kinamasi ilikaushwa kwa mashamba katika miaka ya 1960 na 1970, mto Yala ukageuzwa, na Kanyaboli likabaki likitegemea mfereji. Anayeshika mlango wa mfereji ndiye anayeshika pumzi ya ngege. Miaka ya 2000 mwekezaji kutoka Marekani akaja na mpunga, akakaa, akaondoka; wengine wakafuata na miwa. Kinamasi cha Yala kina hekta zipatazo 17,500, ndicho kikubwa kuliko vyote vya maji baridi nchini, na kila baada ya miaka michache kuna mtu Nairobi anayekitazama kwenye ramani na kuona ardhi iliyolala bure.

Haijalala. Inafanya kazi mchana na usiku. Mafunjo yanachuja udongo wa mto kabla haujafika ziwani. Ndani yake anaishi nzohe, yule swala wa majini mwenye kwato ndefu za kutembelea matope, na ndege ambao hawajengi viota popote isipokuwa kwenye mafunjo. Jambo ambalo sikulijua mpaka nilipolisoma ni hili: maji yaliyo chini ya mafunjo mazito yana oksijeni kidogo sana. Mbuta, kwa ukubwa wake wote, hawezi kuyavumilia. Fulu wadogo na ngege wanaweza. Kwa hiyo mafunjo ni boma. Adui anafika mlangoni anakosa pumzi, anageuka. Ukikata mafunjo, umemfungulia mlango.

Dunga, hapa hapa Kisumu, boma hilo linabomolewa polepole. Sina ugomvi na wanaokata mafunjo kwa mikono wakasuka mikeka na viti. Mafunjo hukua tena haraka, na vijana wa Dunga wanaowatembeza wageni kutazama ndege wamefanya kazi ya uhifadhi bila mshahara wa mtu. Ugomvi wangu ni na moto na kifusi. Kifusi kikishamwagwa, funjo halirudi. Na mto Kisat unaendelea kutuletea unachotuletea. Mkitaka kujua ni nini, shukeni kwenye gari pale darajani, msifunge vioo.

Kuna ningu pia, nimtaje japo kwa mstari. Mvua za masika zikianza, huyu hupanda mito, Nzoia, Nyando, Sio, kwenda kutaga. Akifika mdomo wa mto anakuta nyavu kutoka ukingo hadi ukingo. Wazee wanasimulia ningu wa kujaza makapu. Wanafunzi wangu hawajui hata sura yake. Wiki chache za kufunga midomo ya mito wakati wa masika, na BMU za eneo, yaani vikundi vya kusimamia bichi, zikilipwa kulinda, hazingemfilisi mtu.

Kwa hiyo ninachoomba ni hiki. Mawaziri wawili mkae meza moja mwamue ngege, mbiru, ningu na fulu ni wa nani, kisha mtuambie kwa maandishi. Magavana wa Siaya na Busia, mpango wa matumizi ya ardhi ya delta ya Yala ulishaandaliwa na kaunti zenu pamoja na wananchi. Utoeni kabatini kabla hamjatia saini mkataba mwingine wowote wa kinamasi. Asimwage mtu kifaranga cha nyamami Kanyaboli wala kwenye mabwawa ambayo hayajapimwa yana nani ndani. Gavana wa Kisumu, KMFRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari na uvuvi, wana kituo na wataalamu mjini kwako, na kaunti ina pesa za vifaranga kila mwaka. Sehemu ndogo ya hizo iende kutotolesha ngege halisi. Mkulima akimfuga, sokoni atauzika. Nimemuonja Kanyaboli. Mtamu kuliko nyamami, na hapo sisemi kama mwalimu wa biolojia, nasema kama mtoto wa Asembo.

Wengine wataniambia watu wana njaa na mimi nazungumzia visamaki. Wenye njaa ndio walioishi kwa fulu wa kamba. Fulu hakuhitaji kiwanda wala ndege. Alihitaji mtoto, ndoano na jiwe la kusimamia. Alipokwisha, chakula kile kiligeuka kuwa kitu cha kununua.

Na si kwamba yote yameshapotea. Baada ya mbuta kuvuliwa sana, upande wa Tanzania watafiti waliwaona baadhi ya fulu waliodhaniwa wamekwisha wakirudi, wachache, wengine wamebadilika miili. Wakipewa mwanya, wanautumia.

Mtihani wetu wa mwisho wa mwaka ni Novemba, na lile swali la wanyama walio hatarini nitalirudisha. Safari hii najua ngege ataandikwa, angalau na kumi na wawili. Ila yule mvulana bado ananidai jibu la mtumbwini, na kila Jumatatu ananikumbusha. Nitumieni jina la afisa mmoja tu, mwanamume au mwanamke, wa wizara yoyote mtakayokubaliana, ambaye kazi yake iliyoandikwa ni kumlinda samaki huyu, na nambari ya simu ya ofisi yake. Nitaiandika ubaoni.

Wenu,
Mwalimu wa biolojia, Kisumu